Kiingilio ni cha Nani?

Timu ya mkoani inapotangaza viingilio vya mechi dhidi ya Simba au Yanga, watu wa mji ule huwa hawashangai. Mzunguko ambao wiki mbili nyuma uliuzwa kwa bei ya chini kabisa na bado ukabaki wazi sasa umepandishwa bei maradufu, pengine na zaidi, na saa nane mchana hakuna pa kukaa. Kosta zimeanza kuingia tangu alfajiri kutoka wilaya za jirani. Wauza jezi wamejipanga kuanzia stendi hadi getini, na jezi walizotundika ni nyekundu na nyeupe, au kijani na njano. Ya wenyeji ukiitaka lazima uulizie, na mara nyingi utaambiwa haipo. Timu zikitoka kupasha misuli, jukwaa zima linasimama kuwashangilia wageni. Wenyeji wanazomewa kwenye uwanja wao.

Zipo timu zinazokwenda mbali zaidi ya hapo. Uwanja wake ukiwa mdogo, timu inaihamishia mechi hiyo kwenye mji mwingine wenye uwanja mkubwa, ili iuze tiketi nyingi zaidi. Inaacha nyasi inazozijua, inasafiri yenyewe kama mgeni, na pointi tatu zinakuwa ngumu kuliko zilivyokuwa. Viongozi wake wanajua wanachokifanya. Wana mishahara ya miezi kadhaa ya kulipa, na mechi za namna hiyo kwa msimu mzima ni mbili tu.

Swali la sura hii limo ndani ya siku hiyo moja. Pesa ya mlangoni ni ya nani: ya mwenyeji kwa sababu uwanja ni wake, au ya mgeni kwa sababu ndiye aliyewavuta watu? Na ikishagawanywa, hivi au vile, je, ligi inapata ushindani? Vijiweni majibu yapo tayari. Wapo wanaosema viingilio vikipanda timu ndogo zitapata nguvu. Wapo wanaosema viingilio vimepanda kwa sababu ya mishahara ya wachezaji wa kigeni. Nitajaribu kuonyesha kwamba yote mawili yanakosea mahali pamoja: yanadhani bei ya tiketi ndiyo inayoendesha mambo, wakati bei hiyo inafuata nyuma, na uamuzi mzito unafanyika kwingine, pale pesa inapogawanywa.

Waingereza wamelishughulikia jambo hili kwa zaidi ya miaka 130, na wamelifanya kwa njia nyingi kiasi kwamba historia yao inatosha kutufundisha. Mwaka 1888 William McGregor, muuza vitambaa wa Birmingham na kiongozi wa Aston Villa, aliziandikia klabu kadhaa akipendekeza ratiba ya uhakika ya mechi za nyumbani na ugenini. Klabu 12 zikaanzisha ligi. Muda mfupi baadaye ligi iliweka kiwango cha chini cha kiingilio, peni sita kwa mtu mzima, ili klabu moja isimnyang'anye jirani yake watazamaji kwa kuuza rahisi. Mwaka 1901 kikafuata kikomo cha mshahara wa mchezaji, pauni 4 kwa wiki. Na kwa miongo mingi timu mwenyeji iliwajibika kumpa mgeni asilimia 20 ya mapato ya mlangoni ya mechi ya ligi. Klabu ya mji mdogo ilipokwenda kucheza London au Manchester mbele ya umati mkubwa, ilirudi na fungu lake.

Matokeo yake yanaonekana kwenye orodha ya mabingwa. Kuanzia msimu ulioisha 1960 hadi ule ulioisha 1972, misimu 13, ubingwa ulichukuliwa na klabu 10 tofauti: Burnley, Tottenham, Ipswich, Everton, Liverpool, Manchester United, Manchester City, Leeds, Arsenal na Derby. Burnley ni mji wa viwanda vya nguo ambao wakati ule ulikuwa na watu takriban elfu themanini. Uwanja wa Mkapa ungewameza wengi wao. Ipswich walipanda daraja 1961 wakiwa na kocha Alf Ramsey na wakachukua ubingwa msimu huohuo wa kwanza, 1962. Mtu aliyezaliwa baada ya hapo anaweza kudhani ni hadithi.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba asilimia 20 ndiyo iliyofanya yote. Kikomo cha mshahara kilifutwa Januari 1961, baada ya wachezaji chini ya Jimmy Hill kutishia kugoma; wakati huo kilikuwa kimefika pauni 20 kwa wiki. Muda si mrefu Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100. Kikomo kile kilikuwa dhuluma kwa wachezaji, na sioni cha kukitetea. Hata hivyo, baada ya kufutwa, klabu za miji midogo zilianza kuishiwa pumzi taratibu, na kati ya 1976 na 1990 Liverpool walichukua ubingwa mara 10. Mara kadhaa kati ya hizo fungu la mgeni lilikuwa bado linalipwa. Asilimia 20 ilipunguza pengo bila kuliziba.

Kisha hata fungu hilo likaondolewa. Mwaka 1983 klabu kubwa zilishinda hoja yao kwamba kila mwenyeji abaki na mapato yake yote ya mlangoni. Desemba 1985, kwa tishio la kujitenga, zikapata nusu ya pesa ya televisheni kwa daraja la kwanza peke yake, badala ya kugawana na klabu zote 92. Mwaka 1992 daraja la kwanza likajitenga kabisa na kuwa Ligi Kuu. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, misimu 33, mabingwa ni klabu saba tu. Manchester United peke yao wamechukua mara 13, na Manchester City wamechukua mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Ubingwa wa Leicester wa 2016 unakumbukwa duniani kote kwa sababu kitu cha namna hiyo kimekoma kutokea.

Katika kipindi hichohicho, bei ya tiketi Uingereza ilipanda kwa kasi. Watu wengi wanaihusisha na viti. Baada ya mashabiki 97 wa Liverpool kupoteza maisha kutokana na mkanyagano katika uwanja wa Hillsborough, Aprili 1989, Jaji Taylor alipendekeza viwanja vikubwa viwe vya kukaa vitupu. Ni haki kukumbuka kwamba Taylor mwenyewe aliandika kuwa viti havihitaji kuwa ghali. Alitoa mfano wa uwanja wa Ibrox wa Rangers, Scotland, ambako kukaa kulikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Klabu zilichukua viti zikaacha ushauri wa bei.

Wengine wanaihusisha na mishahara, na hapa ndipo kosa la vijiweni linapoingia. Mfanyabiashara wa Kariakoo hauzi kanga ghali kwa sababu kodi ya fremu iko juu. Kodi ya fremu iko juu kwa sababu pale kanga zinatoka. Hamishia duka hilohilo mahali pasipo na wateja, kodi itashuka yenyewe, na bei ukiipandisha utakaa na mzigo wako. Kwa klabu ni hivyohivyo. Mishahara ikishalipwa, mkataba ukishasainiwa, klabu bado inakabiliwa na swali lilelile: kwa bei gani uwanja utaleta pesa nyingi zaidi? Mshahara wa straika hauongezi hata shilingi moja kwenye kile ambacho shabiki yuko tayari kulipa. Kinachoongeza ni hamu ya shabiki kuiona mechi hiyo. Hamu ikipanda, mapato yanapanda, na klabu zinapogombea wachezaji wazuri zinatumia mapato hayo kuwalipa. Mshahara unafuata kiingilio. Viongozi wanaowaambia mashabiki kwamba bei imepanda kwa sababu ya usajili wanawageuzia mambo, na mashabiki wanapowachukia wachezaji kwa hilo, wanamchukia asiyehusika.

Kuna siku moja ya Anfield ambayo inafaa kutazamwa kwa karibu. Ilikuwa Jumamosi, Februari 6, 2016, Liverpool dhidi ya Sunderland. Wamiliki walikuwa wametangaza bei za msimu uliofuata, na tiketi ghali kuliko zote katika jukwaa kuu jipya ingekuwa pauni 77. Mashabiki wakakubaliana kuondoka dakika ya 77. Timu ilikuwa inaongoza mabao 2 kwa 0, Roberto Firmino na Adam Lallana wakiwa wamefunga. Dakika ilipofika, watu wanaokadiriwa kufika elfu kumi walinyanyuka wakatoka. Sunderland wakafunga dakika ya 82, wakafunga tena dakika ya 89, mechi ikaisha 2 kwa 2. Kabla wiki haijaisha wamiliki waliomba radhi wakaifuta bei ile. Mwezi uliofuata klabu zote za Ligi Kuu zikakubaliana kwamba shabiki wa timu mgeni asitozwe zaidi ya pauni 30.

Kwa nini wamiliki walikubali haraka hivyo? Ukarimu sidhani kama unatosha kuwa maelezo. Msimu uliofuata ndio ulioanza mkataba wa televisheni wa ndani wa pauni bilioni 5.136 kwa miaka mitatu. Mbele ya fedha hiyo, pesa ya getini ilikuwa imeshakuwa ndogo, na kile ambacho televisheni inanunua ni pamoja na kelele za uwanjani. Uwanja mkimya unapunguza thamani ya picha. Shabiki aliyelipa pauni 30 akaimba dakika 90 anaifaa klabu kuliko aliyelipa pauni 77 akakaa anaangalia simu. Bei ikarudi chini, na pengo la fedha kati ya klabu halikutikisika: klabu zilizokuwa tajiri zilibaki tajiri.

Ujerumani inathibitisha jambo hilo kwa upande wa pili. Kule sheria inayojulikana kama 50+1 inataka wanachama wa klabu wawe na kura nyingi kuliko mwekezaji, isipokuwa kwa klabu chache zilizopewa ruhusa maalumu. Wanachama hawajitozi bei kubwa. Jukwaa la kusini la Borussia Dortmund linabeba watu takriban elfu ishirini na tano waliosimama, kwa viingilio ambavyo Mwingereza akivisikia anasikitika. Uli Hoeness, aliyekuwa rais wa Bayern Munich, aliwahi kueleza kwamba klabu ingeweza kuipandisha tiketi ya msimu kutoka pauni 104 hadi 300 na kupata kama pauni milioni 2 zaidi. Kwa klabu kama Bayern, alisema, milioni 2 ni jambo la kubishaniwa dakika tano katika mazungumzo ya usajili, lakini kwa shabiki tofauti ya 104 na 300 ni kubwa sana. Naikubali hoja yake moja kwa moja. Ila tazama orodha ya mabingwa: Bayern walichukua ubingwa mara 11 mfululizo, 2013 hadi 2023, mpaka Leverkusen walipoukatisha mwaka 2024. Kiingilio rahisi kiliwapa Wajerumani viwanja vilivyojaa, vijana wengi majukwaani na heshima kwa mtu wa kipato kidogo. Ushindani hakikuwapa.

Wamarekani ndio waliolifikiria suala hili kitaaluma mapema, kupitia besiboli. Kwa karibu miaka mia, tangu 1879, klabu za besiboli zilikuwa na kifungu katika mkataba kilichomfunga mchezaji kwa klabu moja mpaka klabu yenyewe iamue kumwachia. Wamiliki walikitetea kwa sababu moja: bila kifungu hicho, walisema, matajiri watawanunua wachezaji wote na ligi itakufa. Mwaka 1956 mwanauchumi Simon Rottenberg aliichambua hoja hiyo, na alichokikuta ni kwamba mchezaji mzuri ataishia palepale, kifungu kiwepo kisiwepo. Kama ana thamani kubwa zaidi New York, klabu ndogo itamuuza New York. Kinachobadilika ni nani anaichukua pesa. Kifungu kikiwepo inachukua klabu. Kisipokuwepo anachukua mchezaji.

Takwimu zilimuunga mkono. Chini ya kifungu kile, New York Yankees walikuwa mabingwa wa ligi yao ya American mara 14 katika misimu 16, 1949 hadi 1964. Curt Flood wa St. Louis alikataa kuhamishwa kama mzigo mwaka 1969, akaenda mahakamani, akashindwa katika Mahakama ya Juu 1972, na kazi yake ya uchezaji ikawa imeishia hapo. Miaka mitatu baadaye uamuzi wa msuluhishi katika kesi ya wachezaji wengine wawili ulifungua mlango. Ligi haikufa. Kuanzia 1978 hadi 1987 ubingwa wa World Series ulichukuliwa na klabu 10 tofauti katika miaka 10. Sisemi uhuru wa wachezaji ndio ulioleta hali hiyo. Nasema tu kwamba wamiliki waliposimama kwa karibu miaka mia wakidai wanalinda ushindani, walikuwa wanalinda mifuko yao, na msomaji wa Afrika Mashariki anapomsikia kiongozi wa michezo akilitaja neno ushindani hana budi kuuliza pesa inabaki kwa nani.

Mwaka 1964 mwanauchumi mwingine, Walter Neale, aliongeza jambo ambalo wafanyabiashara wa bidhaa nyingine hawalijui. Mwenye duka anafurahi jirani yake akifunga. Bondia bingwa hawezi kufurahi wapinzani wake wote wakiisha, kwa sababu atapigana na nani? Neale alimtolea mfano Joe Louis, ambaye pambano lake lenye faida kubwa ni lile dhidi ya mtu anayeweza kumpiga, Max Schmeling. Klabu peke yake haitengenezi kitu cha kuuza. Inahitaji mwenzake asimame upande wa pili wa uwanja.

Mtu aliyelielewa hilo na kulifanyia kazi ni Pete Rozelle, kamishna wa ligi ya futiboli ya Marekani, NFL. Mwaka 1961 kila klabu ilikuwa inauza matangazo yake yenyewe, na klabu za New York na Chicago zilikuwa na soko ambalo mji mdogo hauwezi hata kuliota. Rozelle aliwashawishi wamiliki wa klabu za miji mikubwa wakubali kuuza pamoja na kugawana sawa, kisha akalishawishi bunge la Marekani lipitishe sheria ya kuruhusu hilo mwaka huohuo. Leo klabu zote 32 zinapata fungu linalolingana la televisheni. Kwenye mapato ya mlangoni, asilimia 34 inawekwa kwenye chungu cha pamoja cha timu wageni. Tangu 1994 kuna kikomo cha jumla ya mishahara kwa klabu. Ndiyo maana Green Bay, mji wa Wisconsin wenye watu kama laki moja na ushee, una timu yake mpaka leo, Packers, inayomilikiwa na wanahisa wa kawaida tangu 1923, na ambayo imeshinda Super Bowl mara nne.

Tiketi za NFL, hata hivyo, ni ghali. Green Bay kuna watu zaidi ya laki moja kwenye orodha ya kungojea tiketi za msimu. Mgawanyo wa haki haukumpunguzia shabiki bei, kama vile bei ya chini ya Ujerumani haikuwapunguzia Bayern makombe. Na katika mgawanyo wa Marekani kuna kasoro ambayo haisemwi vya kutosha: klabu inapojua sehemu kubwa ya pesa inakuja hata ikishika mkia, hamu ya kuwekeza kwenye timu inapungua, na mishahara ya wachezaji inabanwa. Mgawanyo bila masharti unaweza kuwa posho ya mmiliki mvivu.

Sasa turudi nyumbani, ambako hesabu ni tofauti kuliko tunavyodhani. Kanuni ya mwenyeji kubaki na mapato yake ilipoingia Uingereza iliwanufaisha wakubwa, kwa kuwa mashabiki wa Manchester United walikuwa wanakwenda Old Trafford kila wiki, awe mgeni nani. Tanzania mashabiki wa Simba na Yanga wametapakaa nchi nzima. Wako Bukoba, wako Ruangwa, wako Kigoma. Mgeni ndiye anayeujaza uwanja wa mwenyeji. Kwa hiyo kanuni ileile ya mwenyeji kula chake, kwa timu ya mkoani, ni neema ya mechi mbili kwa msimu. Ukiirudisha asilimia 20 ya mgeni ya Waingereza kwa kila mechi, utakuwa umechukua fedha ya uwanja wa Kaitaba, Bukoba, ukaipeleka Msimbazi na Jangwani, kwa Simba na Yanga.

Upande mwingine wa hesabu hiyo unaumiza. Mechi mbili haziwezi kubeba msimu mzima. Angalia timu nyingi zilizocheza Ligi Kuu miaka ya karibuni, utaona zina mtu anayelipa mishahara pasipo kutegemea geti: Tanzania Prisons na JKT Tanzania zina majeshi nyuma yake, Dodoma Jiji na KMC zina halmashauri, Azam ina kampuni, Mtibwa Sugar ilikuwa na kiwanda. Zile zilizokuwa mali ya watu wa mji, zikategemea watu wa mji kununua tiketi, nyingi zimezama au zimepoteza makali. Tukuyu Stars ya Rungwe walikuwa mabingwa 1986. Coastal Union ya Tanga walikuwa mabingwa 1988. Majimaji ya Songea iliheshimiwa na kila aliyewahi kwenda kucheza kule. Tangu Mtibwa walipochukua ubingwa mara mbili, 1999 na 2000, hadi 2025 kombe lilikuwa limewaponyoka Simba na Yanga mara moja tu, Azam walipolichukua 2014 bila kupoteza mchezo. Simba walichukua mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, kisha Yanga wakachukua nne mfululizo, 2022 hadi 2025.

Na pengo linapanuliwa na fedha ambayo haipiti getini kabisa. Mwaka 2022 Simba walisaini udhamini wa shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano, na Yanga wa bilioni 12.3 kwa miaka mitatu. Mwaka uliofuata Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na nafasi ya pili pekee ilikuwa na zawadi ya dola milioni 1. Kushinda nyumbani kunakupeleka Afrika, Afrika inakupa dola, dola zinasajili, usajili unakushindia nyumbani. Timu ya mkoani inaweza kupandisha kiingilio chake hadi mzunguko ubaki mtupu, haitaufikia mzunguko huo wa fedha.

Kitu kilichosogeza mambo kidogo ni mkataba wa Azam Media wa 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, kwa sababu fedha yake inafika kwa kila klabu ya ligi, ikiwemo ile ambayo haijawahi kujaza uwanja. Huo ndio mwelekeo sahihi, nami ningependa tuufuate zaidi. Kuna mechi ambayo ni mali ya ligi nzima kuliko mali ya mwenyeji: ile ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Inachezwa mara mbili kwa msimu, uwanja wa watu elfu sitini unajaa hata kiingilio kikiwa juu, na thamani yake imejengwa na msimamo ambao timu 14 nyingine zimeutolea jasho. Sehemu ya mapato ya mlangoni ya mechi hizo mbili iingie kwenye mfuko wa Bodi ya Ligi, igawanywe sawa kwa hizo 14, na masharti yawekwe ili tusirithi kasoro ya Wamarekani: fedha ilipwe moja kwa moja kwenye mishahara ya wachezaji na timu za vijana. Klabu yenye deni la mishahara ilipiwe deni kwanza.

Njia hiyo pia ingepunguza uzito wa aina nyingine ya mgawanyo ambayo imezoeleka, ya mdhamini mmoja kuzidhamini timu kadhaa za ligi moja, yeye akiwa na mapenzi na mojawapo. Timu yenye njaa haiwezi kulaumiwa kwa kupokea. Lakini kipa wake akifungwa bao la kizembe dhidi ya timu anayoipenda mdhamini, hakuna atakayeamini kuwa ni bahati mbaya, hata kama ni bahati mbaya kweli. Fedha ya mfuko wa ligi haimdhalilishi kipa huyo.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la Afrika. Watasema Packers hawana haja ya kucheza na mtu wa nje, ilhali Simba na Yanga wanakutana na matajiri wa Cairo na Casablanca, kwa hiyo ukiwapunguzia nguvu nyumbani unawapunguzia huko. Sitajibu kwamba ligi ngumu itawaimarisha, kwa sababu Al Ahly wamechukua Ligi ya Mabingwa mara 12 huku wakiitawala ligi ya Misri kwa miongo. Inawezekana kabisa kutawala nyumbani na kung'ara nje. Dai langu ni dogo kuliko hilo. Fungu la geti la mechi mbili ni dogo mbele ya udhamini wao na dola za Afrika, hawatalihisi sana. Kwa timu ya Mbeya au Tanga ni mishahara ya miezi, ni kijana wa mji asiyelazimika kuuzwa Januari, na baada ya miaka kadhaa ni jezi ya wenyeji kutundikwa pale stendi.

Klabu kubwa za Uingereza zilipata zilichotaka 1985 kwa sababu zilikuwa na pa kwenda: zilikuwa nyingi kiasi cha kuanzisha ligi yao wenyewe, na baada ya miaka saba ligi hiyo ikaanzishwa. Simba na Yanga ni wawili. Wakisusa, watabaki kucheza wao kwa wao, na tiketi ya Afrika haitolewi kwa mechi ya namna hiyo. Klabu 14 zikikaa pamoja kabla ya ratiba ya msimu ujao kutoka, zina nguvu ya kuliweka jambo hili mezani kwa uzito wote.